Eisai: Mtawa aliyerudi kwao na mbegu za chai

Mwaka 1191 jahazi la wafanyabiashara kutoka China lilitia nanga Hirado, kisiwa kilichopo magharibi mwa Japani. Miongoni mwa abiria walioshuka alikuwamo mtawa mmoja wa dini ya Budha, mtu wa makamo wa miaka 50, ambaye alikuwa amekaa ugenini kwa miaka minne. Hakurudi na dhahabu wala hariri ya kupeleka sokoni. Alirudi na vitabu, na mafunzo aliyoyapata kwa walimu wake na, kama masimulizi ya nchi yake yanavyoeleza hadi leo, mbegu za mti wa chai. Mtawa huyo aliitwa Eisai, na wapo wanaolitamka jina lake Yosai.

Ndugu msomaji, pengine utajiuliza mtawa wa Japani aliyefariki dunia zaidi ya miaka 800 iliyopita anatuhusu nini sisi wa Rumonge, Magara na Nyanza-Lac, ambao mawazo yetu yako kwenye mawese, ndagala na bei ya mafuta ya boti. Anatuhusu kwa mambo mawili. Kwanza, Eisai alikuwa mtu wa kuvuka na kurudi. Aliyajua maji, aliujua upepo, alijua kunyimwa kibali, na alijua pia uchungu wa kurudi nyumbani ukakuta wenyeji wanakutazama kwa jicho la pembeni. Pili, siku hizi vijana wetu wanaotoka ng'ambo wanakisifu sana kinywaji cha Kijapani kinachotengenezwa kwa chai ya kijani iliyokaangwa, maziwa na barafu. Nitaeleza namna ya kukitengeneza nyumbani bila gharama kubwa. Lakini huwezi kuisimulia chai ya Japani ukamruka mzee huyu, hivyo nianze naye.

Mtoto wa makuhani

Eisai alizaliwa mwaka 1141 katika jimbo la Bitchu, eneo ambalo leo limo katika mkoa wa Okayama. Ukoo wake ulikuwa wa makuhani wa hekalu la jadi la Kibitsu. Akiwa bado mvulana alipelekwa kusoma, na baadaye akaingia utawa katika Mlima Hiei, unaoutazama mji wa Kyoto uliokuwa makao ya mfalme. Hekalu la mlima huo, Enryakuji, halikuwa hekalu dogo. Lilikuwa na shule, lilikuwa na ardhi, na lilikuwa hata na watawa waliobeba silaha. Mtu aliyesoma Hiei alihesabiwa kuwa amesoma.

Hata hivyo kijana huyo hakuridhika. Aliona nidhamu ya watawa imelegea na mafundisho yamechanganyika na siasa. Akafikiri dawa ni kurudi kwenye chemchemi, yaani China, ambako walimu wa zamani wa Japani walikuwa wamekwenda kusoma.

Mwaka 1168 alipanda merikebu akavuka bahari. Alizuru Mlima Tiantai, kitovu cha madhehebu yake, na baada ya miezi michache akarejea na vitabu. Kwa karibu miaka 20 iliyofuata aliishi zaidi katika kisiwa cha Kyushu, si mbali na Hakata. Hakata ilikuwa bandari kubwa ya biashara na China, na wafanyabiashara wengi wa Kichina walikuwa wameweka makazi yao hapo. Wale wanaoijua Kigoma, Uvira au Kalemie hawatapata taabu kuupiga picha mji wa namna hiyo: lugha mbili barabarani, bidhaa za ng'ambo dukani, na habari za upande wa pili zinafika kabla ya barua ya serikali.

Kibali kilichokataliwa

Mwaka 1187 Eisai alisafiri tena, safari hii akiwa na nia ya kufika India, nchi alikozaliwa Budha. Alifika China akaomba ruhusa ya kuendelea mbele. Wakuu wa serikali ya nasaba ya Song wakamkatalia, kwa kuwa njia ya kuelekea India ilipita katika nchi zilizokuwa mikononi mwa watawala wengine, na usalama haukuwapo. Wafanyabiashara wetu wanaopitia Mugina na Manyovu wanafahamu vizuri jinsi inavyokuwa pale safari ya mtu inapokatwa na mambo ambayo wala hayamhusu.

Akapanda chombo arudi kwao. Nacho kikapigwa na upepo wa mbisho, kikasukumwa hadi pwani ya China kwa mara nyingine. Hivyo basi, mtu aliyetaka kwenda India akazuiwa, na alipotaka kurudi Japani akarudishwa. Wapo ambao wangekaa ufukweni wakihesabu hasara. Eisai alikwenda tena Tiantai, akajiweka chini ya mwalimu aitwaye Xuan Huaichang wa madhehebu ya Chan, ambayo Wajapani huyaita Zen, na baadaye akamfuata mwalimu huyo hadi hekalu la Tiantong. Alikaa huko mpaka mwalimu wake alipomthibitisha kuwa anafaa kufundisha.

Katika nyumba hizo za watawa ndimo alimoishi na chai kila siku. Watawa wa Chan walikaa muda mrefu wakitafakari kimya, na chai iliwasaidia wasisinzie. Majani yalisagwa yakawa unga, unga ukatiwa maji ya moto na kupigwa kwa kifagio kidogo cha mwanzi hadi ukatoa povu.

Eisai hakuwa mtu wa kuchukua tu. Alishiriki katika ukarabati wa majengo ya wenyeji wake, na aliporudi Japani alituma magogo ya miti kwa meli ili yasaidie kujenga upya jengo la Tiantong. Deni la ugenini alilikumbuka akiwa nyumbani.

Kurudi si kupokewa

Tukumbuke kwamba Eisai hakuwa mtu wa kwanza kufikisha chai Japani. Kumbukumbu za nchi hiyo zinaonyesha kwamba mwaka 815 Mfalme Saga aliandaliwa chai na mtawa aliyekuwa amesoma China. Lakini chai ile ilikuwa ya jumba la mfalme na watu wachache. Uhusiano na China ulipopungua, desturi hiyo nayo ikafifia.

Tofauti ya Eisai iko hapa. Inasimuliwa kwamba alipanda mbegu zake Hirado na katika Mlima Sefuri huko Kyushu. Nyingine alimpa mtawa mwenzake aitwaye Myoe, wa hekalu la Kozanji lililopo Toganoo, pembezoni mwa Kyoto. Myoe hakuwa hata wa madhehebu yake. Chai ya Toganoo ikaja kusifiwa kuliko zote, na kutoka huko kilimo kikaenea hadi Uji, ambako mpaka leo ni miongoni mwa maeneo yenye sifa kubwa ya chai nchini Japani. Mfalme alikunywa, na baada yake ikapotea. Eisai aligawa, na baada yake ikaota.

Hata hivyo asidhani mtu kwamba alipokewa kwa vigelegele. Watu wa Mlima Hiei, yaani wale wale waliomlea, walimwona kuwa ameleta mambo ya kigeni yatakayowaharibia. Mwaka 1194 walifanikiwa kuishawishi serikali ya mfalme ipige marufuku mafundisho ya Zen.

Hapa naomba niseme neno moja la kwangu. Wazazi wangu walikimbia mwaka 1972, nami nilizaliwa Ulyankulu, mkoa wa Tabora. Tuliporejea mwaka 2008 tulikuta shamba la marehemu baba lina mtu mwingine, amepanda michikichi na imeshazaa. Watoto wangu walizungumza Kiswahili na kuandika Kiswahili. Shuleni walikutana na Kirundi cha darasani na Kifaransa, wakarudishwa madarasa ya nyuma. Tukaitwa Watanzania katika nchi iliyotuzalia babu. Siku ya kupima mpaka, mama alikuja na chupa ya chai ya maziwa yenye tangawizi, kama tulivyozoea kule, akamimina kwanza kwa yule mwenye michikichi. Shamba tukaligawana nusu kwa nusu. Sisemi kwamba chai ndiyo iliyoamua. Waliamua wazee na karatasi. Nasema tu kwamba wale wawili, ambao asubuhi walikuwa hawasalimiani, walianza kuongea wakiwa wameshika vikombe.

Eisai naye hakurusha mawe. Mwaka 1195 alianzisha hekalu la Shofukuji huko Hakata, katika mji wa wafanyabiashara uliokuwa umezoea watu wa kuvuka. Mwaka 1198 aliandika kitabu cha kujibu lawama, akieleza kwamba alicholeta hakikuja kuibomoa nchi bali kuijenga. Kisha akaelekea Kamakura, makao ya serikali ya kijeshi ya mashoguni, ambako Hojo Masako, mjane wa shoguni wa kwanza, alimkubali na kumsaidia kuanzisha hekalu la Jufukuji mwaka 1200. Miaka miwili baadaye, kwa msaada wa shoguni Yoriie, lilianzishwa hekalu la Kenninji ndani ya Kyoto kwenyewe, chini ya pua ya waliompinga. Na humo hakufundisha Zen peke yake. Aliweka pia mafundisho ya zamani ya Tendai na Shingon, ili mtu wa kale na mtu wa sasa wapate pa kukaa chini ya paa moja.

Kitabu cha uzeeni

Mwaka 1206 alipewa kazi ya kusimamia michango ya ujenzi wa hekalu kuu la Todaiji mjini Nara, lililokuwa limeteketezwa wakati wa vita. Na mwaka 1211, akiwa na miaka 70, alikamilisha kitabu kiitwacho Kissa Yojoki, kinachohusu unywaji wa chai na utunzaji wa afya. Ndicho kitabu cha kwanza kuhusu chai kuandikwa Japani. Humo anaeleza mti wa chai ulivyo, majani yanavyochumwa na kukaushwa, na jinsi ladha chungu ya chai inavyoupa moyo nguvu. Sehemu ya pili inahusu mti wa mforosadi. Tiba yake ni ya zama zake, na mgonjwa wa leo aende hospitali. Lakini angalia alichokifanya: hakuishia kunywa na kusifu, aliandika namna ya kufanya ili hata asiyevuka bahari aweze.

Mwaka 1214 shoguni Sanetomo, kijana wa miaka 20 na kitu, aliamka hajisikii vizuri baada ya kunywa pombe nyingi usiku. Eisai aliitwa kumwombea. Akampelekea kikombe cha chai pamoja na kitabu chake. Shoguni akapata nafuu na akafurahi. Tangu hapo chai ikawa na mlango katika nyumba za wapiganaji, na si mahekaluni tu. Mwaka uliofuata, 1215, mzee Eisai alifariki dunia. Hekalu la Kenninji huandaa karamu ya chai kila mwezi wa Aprili kumkumbuka.

Kutoka unga hadi kikaango

Chai aliyoijua Eisai ilikuwa ya unga. Ile ya kukaangwa ilikuja baadaye sana. Katika miaka ya 1920 mjini Kyoto, wafanyabiashara wa chai walianza kukaanga majani makubwa na vijiti ambavyo havikupata bei nzuri, wakavipatia harufu mpya na wateja wapya. Ndiyo hojicha. Ina rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, haina ukali wa chai ya kijani, na kwa kuwa mara nyingi hutokana na majani yaliyokomaa na vijiti, kafeini yake huwa ndogo. Ndiyo maana Wajapani huwapa hata wazee na watoto jioni.

Na sisi chai tunayo. Ililetwa Burundi mwaka 1931 katika kituo cha Gisozi, mashamba makubwa yakaanza Teza mwaka 1963, na leo viwanda vya Teza, Rwegura, Tora, Ijenda na Buhoro vinasindika majani ya milima hiyo hiyo tunayoiona juu yetu tukiwa ziwani. Sehemu kubwa ni chai nyeusi inayouzwa nje kupitia mnada wa Mombasa. Chai nyeusi haifai kwa kazi ya leo. Majani yake huachwa yanyauke na kugeuka rangi kabla ya kukaushwa, na ukiyakaanga tena utapata uchungu. Chai ya kijani hupashwa moto mapema ili ibaki kijani, nayo hupatikana katika maduka ya Bujumbura na Kigoma. Nunua isiyotiwa limau wala tangawizi, na tazama tarehe kwenye pakiti.

Mpwa wangu anayeishi Canada alipokuja kututembelea alitueleza kwamba kinywaji hiki huuzwa mikahawani kwa fedha ambayo hapa ingenunua kuku. Wenyewe hukiita latte, neno la Kiitaliano lenye maana ya maziwa. Tukakifanya jikoni kwetu hivi.

Chukua vijiko viwili vya chakula vya majani makavu ya chai ya kijani. Weka kikaango kikavu na kisafi juu ya moto mdogo wa makaa. Nasisitiza kisafi, maana chai hunyonya harufu, na kikaango kilicholala na mawese au kitunguu kitaiharibu. Mimina majani, koroga bila kuacha kwa dakika tatu hadi tano. Yakishakuwa na rangi ya maganda ya karanga zilizokaangwa na harufu tamu ikapanda, yaondoe haraka uyamwage kwenye sahani, kwa kuwa kikaango chenye joto huendelea kuyachoma. Yakiwa meusi yameungua. Kama chai yako ni ya vifuko, vichane utoe majani, na upunguze moto na muda, kwa sababu chengachenga huungua upesi.

Weka majani hayo kwenye kikombe au birika, mimina maji yaliyochemka nusu kikombe tu, funika dakika nne, kisha chuja. Lazima chai iwe nzito, la sivyo barafu na maziwa vitaimeza. Tia sukari ingali ya moto ili iyeyuke. Iache ipoe.

Jaza barafu nusu ya glasi, mimina maziwa baridi mpaka robo tatu, halafu malizia na chai polepole. Utaona rangi mbili, ya chini nyeupe na ya juu kahawia, kabla hujakoroga. Maziwa mabichi yachemshwe kwanza ndipo yapozwe. Ya unga nayo yanafaa, ukiyakoroga kwa maji yaliyochemshwa. Maziwa yakishachanganywa yanywewe papo hapo, hasa umeme unapokatika.

Kuhusu barafu, sisi watu wa ziwani tuwe waangalifu. Barafu ya kuhifadhia sangala na mukeke si ya kunywa. Kipindupindu kimeshatusumbua vya kutosha kando ya ziwa hili. Gandisha maji uliyoyachemsha mwenyewe. Asiye na friji aweke chai iliyochujwa katika chupa iliyofungwa, aizamishe kwenye mtungi wa maji usiku kucha. Haitakuwa na barafu, lakini itapoza koo la mtu aliyetoka kupanga makreti bandarini.

Tulichorudi nacho

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo haisemi mgeni aje na mali. Wengi wetu tulirudi na vifurushi viwili vya nguo na sufuria. Lakini nimeona fundi cherehani aliyejifunza Mtabila akiwa na wanafunzi watano hapa mjini. Nimeona mama aliyejifunza kupika maandazi ya nazi Kigoma akiwafundisha majirani zake wa kilimani. Nimeona pia mwenye ujuzi aliyeuficha kama siri ya biashara, akafa nao, na mtoto wake akaanza upya.

Eisai hakufika India. Aliyoyataka hakuyapata yote, na nyumbani alipokewa kwa marufuku. Alichokuwa nacho ni mbegu, na uamuzi wa nani ampe. Angezifungia katika bustani ya hekalu lake, huenda zingefuata njia ya chai ya Mfalme Saga. Alimpa hata mtu wa madhehebu mengine, na nchi nzima inakunywa.

Basi nawe uliyevuka, iwe kwa miguu, kwa lori la wakimbizi au kwa boti ya mizigo, jiulize umerudi na ujuzi gani ambao jirani yako hana. Ukishaujua, usingoje uitwe mwenyeji ndipo uutoe. Na kama ni huu wa chai ya kukaangwa, sasa unao. Mfundishe mwingine kabla pakiti haijaisha.